Kaniki Isiyochuja

Jumatano, Novemba 1908. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua likatoka kali kabla ya adhuhuri.

Leo nimeona mto ukigeuka rangi. Naandika polepole nisije nikazidisha.

Mchumba wa dada yangu, kijana wa Handeni, alimletea mama mkaja, nguo ya kumshukuru kwa kumzaa binti. Ilikuwa doti ya kaniki ya buluu nzito, vipande viwili, kutoka duka kubwa la Kizungu karibu na stesheni ya Korogwe. Kijana hajui kusoma. Juma lililopita, pale dukani, mimi ndiye niliyemsomea karatasi iliyobandikwa juu ya nguo, yenye tembo wa dhahabu: "Kaniki hii haichuji kamwe." Nilisoma kwa sauti, watu wakanyamaza kunisikiliza, nami nikajiona mtu.

Kwetu mama akifunga mkaja kiunoni amemkubali mkwe, na haufungwi mpaka ufuliwe mbele ya wanawake wa ukoo. Asubuhi wakateremka mtoni na kipande kimoja. Mimi nilikuwa chini yao kidogo naosha jembe, mara maji ya buluu yakanifikia miguuni, mazito, yakapita yakaenda zake. Nilisahau hata jembe. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa msiba wetu.

Nguo ilirudi nyumbani rangi ya moshi.

"Mkwe wenu katuletea wino!" shangazi akapiga kelele uani. "Na ndoa nayo itachuja hivi hivi? Mrudishieni vitu vyake aende kwao!"

Kijana alikuwa barazani, akasikia yote. Hakunitaja. Nami nilihofu labda nilisoma vibaya. Shule yangu ni miaka miwili tu. Nikachukua kipande cha pili, kilichokuwa hakijafuliwa, nikaenda nacho dukani.

Karatasi juu ya majora ilikuwa ile ile. Nikafuata herufi kwa kidole, mara tatu. Haichuji kamwe.

"Mmefua kwa majivu, bwana," karani wa duka akasema. "Majivu yanaua rangi."

Lilikuwa neno la haki, maana mama kweli alitia majivu. Nikaomba ndoo ya maji matupu. Tukatumbukiza kipande. Maji yakawa buluu. Karani akalowesha kidole, akapapasa jora moja baada ya jingine, na kila jora likampaka rangi.

"Wallahi, na mimi huwasomea watu kila siku," akasema. Si yeye aliyeandika. Karatasi huja zimechapwa Ulaya. Tukabaki wawili tunamtazama yule tembo anavyong'aa. Mpaka leo nilidhani uongo ni wa kinywa, kwamba kilichopigwa chapa hakiwezi kudanganya.

Wanawake walikuwa bado uani. Nikasema mbele yao, "Mama, mimi ndiye niliyemsomea. Imeandikwa haichuji. Na hiki kimechuja kwa maji matupu."

"Msomi wetu huyo!" shangazi akacheka.

"Kasoma kilichopo," mama akasema. "Mkwe kadanganywa, hakudanganya." Akajifunga ile nguo ya moshi kiunoni, akakaza fundo. Shangazi akapiga kigelegele, kifupi, lakini alipiga.

Kama karatasi ingeonyesha nimekosea mimi, sijui kama ningerudi kusema. Natumaini ningerudi.

Jioni tumekula ugali na kunde. Mama kausonga, mikono yake ingali buluu hadi viwiko. Sahani ya mkwe imepelekwa barazani, imejaa kuliko yangu.