Kila kilo ya unga wa omena, vidonge viwili bure

Makosa ni yangu, msinihurumie. Nilimmaliza mama mkwe wangu kwa unga wa omena na ujuaji mwingi.

Niko Kendu Bay. Nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, naanika, nasagisha, nauzia kina mama unga wa uji. Kwa nini sikununua neti ya kuanikia? Uvivu tu! Bata wa jirani walitembea juu ya omena niliyoianika chini na kuacha vinyesi vyao. Nilipangusa na ufagio, nikapeleka kusagwa posho mil.

Wateja wakaanza kulalamika tumbo linaendesha. Badala ya kuona aibu, nikaona biashara! Nikanunua vidonge vya antibiotiki, vile vya rangi mbili, na kila aliyebeba kilo nikampa viwili nyongeza. "Ukiharisha, meza." Wueh! Wakaniita daktari, nami nikaitika.

Shabiki wangu nambari moja alikuwa mama mkwe. Uji asubuhi, uji jioni. Tumbo likikoroga ananiita kwa jina la kwetu, "Nyar Kisegi, lete dawa yako." Anameza viwili, likitulia tunasahau. Tulienda hivyo miezi mingi, yawa!

Halafu akaanza kuharisha damu, na homa juu. Vidonge vyangu vikagoma. Tukamkimbiza hospitali Homa Bay, daktari akaniuliza, "Mama, amekula nini? Amemeza dawa gani nyumbani?"

"Ugali na sukuma tu. Dawa hajagusa."

Uongo mtupu! Nesi aliyesimama hapo alikuwa mteja wangu.

Wakampa dawa, wapi! Wakabadilisha, wapi! Majibu ya maabara yalipotoka, na nesi akafichua vidonge vyangu, daktari alisema wadudu hao huletwa na chakula kichafu, na nusu dozi ndizo zimewafanya sugu. "Tungejua mapema tungeanza na dawa nyingine." Mama alituacha siku hiyo hiyo.

Matangani sasa! Shemeji alishika maikrofoni akanishukuru kwa kumtibu mama kwa pesa yangu. Watu wakapiga makofi. Nami, bila haya, nikainamisha kichwa kama mtakatifu. Aki najichukia.

Nyinyi mnaoanika samaki chini, nunueni neti. Dawa ni ya aliyeandikiwa, na aimalize. Daktari akikuuliza, sema yote, aibu haiui.

Baba watoto, najua unasoma ukurasa huu wa gazeti kila Jumapili kwa kinyozi. Huyu mwanamke ni mimi. Ukirudi utanikuta jikoni, sijatoroka.