Nilibana milango ya Land Rover ya zamani, bibi harusi akakwama ndani

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naanza na kosa ili msihangaike kulitafuta. Kwenye gari la kwanza nililolijengea bodi, niliacha gap ndogo mno kati ya mlango na fremu. Kadi ya benki ilikuwa inapita kwa shida. Kila aliyeingia gereji nilimwonyesha, najisifia.

Yanayofuata yamenitokea mwenyewe. Picha ninazo, ila zina sura za watu kwenye harusi yao, kwa hiyo siziweki.

Mimi ni kijana wa Bashay, kazi nafanyia Dongobesh. Kujenga bodi sijasomea popote. Nimejifunza kwa kufumua magari mabovu na kuangalia video za mafundi wa nje.

Pia ni mtu wa wasiwasi. Bati likibaki na alama ya nyundo, silali vizuri. Mama aliwahi kuniuliza kama lile gari nalijenga au naliombea.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover ya Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa hapa Dongobesh. Zamani baba yake alinunua chesisi na kibini cha dereva tu. Bodi ya nyuma, pamoja na milango miwili ya ubavuni, alijengewa kwa mkono: mbavu za mbao, juu yake bati la alumini.

Mbao zilikuwa zimeoza. Nikachonga mbavu mpya za mninga mkavu. Bati nikalikunja kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, kidogo kidogo, mpaka lile umbo la mabega ya bodi likarudi.

Kulikuwa na sharti. Idrisa, mtoto mkubwa wa mzee, alitaka gari liuzwe chuma chakavu. Mzee akatamka mbele yetu: "Likimfikisha Zuhura kwa mume wake Katesh, linabaki. Likituaibisha, Idrisa, uza."

Zuhura ni binti yake wa mwisho.

Siku ya harusi, ndoa ilipokwisha kufungwa, tukaondoka. Mzee alibaki nyumbani. Idrisa anaendesha, mimi pembeni yake na boksi la spana, Zuhura na shangazi yake katikati, nyuma ya ukuta wa kibini. Nyuma yao masanduku na godoro hadi kwenye dari.

Njia ya vumbi, kupitia Hirbadaw. Kila shimo nasikiliza mbao. Hakuna kilicholia. Nikaanza kutabasamu peke yangu, Idrisa akaniona.

"Tufike kwanza," akasema.

Tukafika. Nje ya geti la bwana harusi kulikuwa na rundo la kifusi. Idrisa akapandisha tairi moja la mbele juu yake ili asizibe njia. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mlango wa Zuhura haukufunguka.

Wa upande wa pili pia. Nikavuta, nikasukuma kwa bega. Vigelegele vikapungua, halafu vikaisha kabisa. Kitasa nilichokisugua mpaka kikang'aa kikabaki mkononi mwangu.

"Fundi, umetufungia mtoto!" Shangazi akapaza sauti dirishani.

"Shangazi, subirini kidogo."

"Tusubiri mpaka lini? Tuanze kupika humu?"

Idrisa aliegemea boneti, hana haraka. "Leteni mzani tulipime hapa hapa." Kisha akampigia mzee simu, akaweka sauti ya nje. "Baba, gari limetuaibisha. Zuhura amekwama, watu wote wanatazama."

Mkono ukatoka dirishani, wenye hina mpaka kwenye kiwiko. "Kaka, nipe simu."

Akapewa.

"Baba, shikamoo. Ulisema linifikishe. Nimefika, geti la mume wangu naliona. Habari za kushuka hukuzitaja."

Mimi nimeshika kitasa, nasubiri. Halafu tukasikia mzee anacheka.

"Idrisa, mshushe mdogo wako. Halafu unirudishie gari langu."

Idrisa akaingia, akarudisha gari nyuma. Tairi liliposhuka kwenye kifusi, Zuhura akasukuma mlango kutoka ndani. Ukafunguka kama wa friji. Vigelegele vikaanza upya, na mimi nikajificha nyuma ya gari.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukiinua tairi moja, chesisi inajipinda, na bodi ya mbao inapinda nayo. Inatakiwa ipinde, ndiyo maana haipasuki. Mimi sikuiachia nafasi ya kupinda.

Yale magari ya kwenye video yanakaa juu ya sakafu ya vigae, na yakienda maonyesho yanabebwa kwenye lori. Mimi nilichukua kipimo chao nikakileta kwenye makorongo yetu.

Tuliporudi nikachukua randa, nikapunguza kingo za milango yote miwili, rangi ikiwa bado mpya. Iliniuma sana, sitaficha.

Nilichojifunza ni kwamba kazi nzuri gari likiwa limesimama haitoshi. Mliojenga bodi za mbao kwa ajili ya njia mbovu, niambieni mnaacha gap kiasi gani, na vumbi mnalizuia kwa kutumia kitu gani. Mpira wa kuziba ninaotumia unachakaa haraka. Hata wa kunicheka karibuni.

Siku hizi, kabla ya kupaka rangi, napandisha tairi moja juu ya jiwe na kufungua milango yote. Gap zangu zinaonekana kubwa. Wateja wakiuliza, nawaambia ndivyo ninavyojenga.