Nyusi za Mama

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi, na nilimharibu sura.

Naandika hivi huku nacheka, ila wakati ule sikucheka. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo mafupi ya kuchora tatuu za nyusi, na kichwani nilishafungua saluni yenye mlango wa kioo. Mkononi nilikuwa na mashine moja, vichupa viwili vya wino na rundo la maganda ya ndizi niliyoyachora nyusi usiku na mchana. Mama akaniambia, "Hebu ziache ndizi za watu. Nichore mimi."

Akajilaza mkekani, chumbani kwetu Kizota. Nikampima amelala, nikamchora amelala. Hapo ndipo nilipokosea, maana ngozi ya uso ikilala inakaa kwingine, na mtu akiinuka inashuka. Mama alipoinuka, nyusi ya kulia ilikuwa juu, inashangaa. Ya kushoto ilikuwa chini, imenuna.

Mama anauza chai na vitumbua kwa mafundi wa kuchomelea mageti, na wale watu hawana dogo.

"Mama, leo tumekukosea nini?"

"Usiseme hivyo, upande wa kulia umefurahi kutuona!"

Siku za mwanzo alijibu utani kwa utani. Wiki ya pili akaanza kushusha ushungi mpaka karibu na macho. Halafu shangazi akaja kututembelea kutoka Kondoa, na kabla hata hajaitikia shikamoo yangu akamuuliza mama, "Wifi, kwani nimekuja siku mbaya?"

Mama akasema anakwenda kumletea maji. Akakawia. Nilipomfuata nilimkuta ameshika kioo kidogo, amefunika nyusi moja kwa kidole, kisha nyingine. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Zinatoka hizi?"

Sikujua. Nilikuwa nimefundishwa kuweka, sikufundishwa kutoa.

Nikamtafuta dada mmoja mwenye saluni mjini, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Njoo Jumatatu," akasema. "Utafagia, utajifunza." Kwake ndiko nilikojua kutoa tatuu kwa maji ya chumvi. Si chumvi ya jikoni, ni maji maalumu yaliyopimwa. Unapitisha sindano juu ya mchoro kama vile unachora upya, ila badala ya wino unaingiza yale maji. Yanauvuta wino juu, kinafanyika kigaga, na kigaga kikidondoka chenyewe kinaondoka na rangi kidogo. Unasubiri miezi miwili au zaidi, unarudia. Sharti ni moja: pasiguswe na maji mpaka vigaga vidondoke.

Niliporudi na mashine niliogopa mama atakataa, na angekuwa na haki. Hakukataa. Alijilaza, akafumba macho, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa mkeka. Nikauona ule mkono, nikaanza.

Siku ya pili tu vigaga vikalainika, vikabanduka. Rangi iko palepale.

"Mama, umelowesha!"

"Wallahi sijalowesha. Hata kuoga naishia shingoni."

Adhana ya alasiri ikasikika, mama akanyanyuka, akachukua birika lake, akachuchumaa uani kutia udhu. Maji usoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mama! Udhu!"

Akageuka, uso unachuruzika. "Sasa ulitaka niache sala kwa ajili ya nyusi?"

"Hapana, mama."

Nilikaa kizingitini nimeishiwa. Mara tano kwa siku, kigaga gani kingebaki? Mama alimaliza kusali, akaja kukaa karibu yangu, akaanza kucheka peke yake.

"Na wewe ni mwanamke kweli? Si kuna siku sisali?"

Nikamrukia shingoni. Kwake siku hizo za hedhi ni saba kamili, tangu usichana wake, na vigaga vinataka wiki hivi. Ilikuwa kama vimepatana.

Tangu hapo ratiba yangu ikawa mwezi wa mama. Muda wa kusubiri ukishapita, nakaa na simu mkononi. Inalia, mama anasema kwa sauti ya chini, maana mafundi wako jirani, "Mgeni kaingia. Njoo na mashine." Naacha ufagio, namuaga dada, natimua mbio. Mara ya pili nyusi zote mbili zikawa kijivu. Ya tatu, zikawa kama kivuli. Mara ya nne nilikuwa katikati ya kazi nikasikia mngurumo, nikaizima mashine nikidhani imeharibika. Haikuwa mashine. Mama alikuwa anakoroma chini ya sindano yangu, mikono yake imeachia, viganja juu. Nilimtazama machozi yakanijaa, nikayafuta kwa bega nisije nikamdondoshea usoni.

Vigaga vya mara ile vilipodondoka, mama alikwenda kazini ushungi umerudi nyuma, uso wote nje. Mchana akarejea amekasirika.

"Hakuna hata mmoja aliyesema kitu! Nimekaa pale kama bibi harusi. Wamekunywa chai, wamekula, wameondoka."

"Mama, si ndicho tulichokitafuta? Wakutazame waone mama wa vitumbua, basi?"

Akafikiri. Kisha akapasuka kicheko, akajipiga mapajani, nami nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake nilikuwa naanua nguo mama aliporudi amemshika mkono jirani yetu, mwanamke ambaye nyusi zake, za kuchorwa kwingine, zilimfanya aonekane ametoka kuambiwa habari ya msiba.

"Huyu ndiye mwanangu niliyekwambia," mama akamwambia, anavua viatu. "Lala hapo, usiogope. Mkono wake mwepesi mpaka utapitiwa na usingizi."