Nyuma ya Mtu wa Mwisho Hakuna Mtu

Hebu niambie, mwanangu, wewe uliyesoma: njia isiyopita gari hata moja, ukianguka humo, nani atakuokota?

Usinijibu haraka. Mjukuu wangu Zuhura alinijibu haraka, ndiyo maana mpaka leo nimevimba, na mama yake ananiambia, "Mama, angalia presha." Presha gani! Hii ni hasira, na nina haki nayo. Vuta kiti nikusimulie. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mdomo Mungu alinipa wote.

Nakaa hapa Champlin, huku ughaibuni kwenye baridi, kwa mwanangu wa kike, tangu babu yao afariki. Nina wajukuu wawili. Zuhura ndiye mkubwa, anafanya kazi ofisini kule Golden Valley, miguu yake ni ya swala. Rehema ndiye mdogo, ana pumu tangu utoto, ile dawa yake ya kuvuta haimtoki mfukoni. Wote wawili wameshikwa na ugonjwa wa baiskeli. Theluji ikiyeyuka tu, wameshavaa yale makofia kama magamba ya kobe, hao, njia ya kando ya mto. Napenda, sikatai! Nakaa dirishani nawapigia kelele, "Haya, wake wenzangu, mkikutana na babu mwenye meno yake yote mniletee!"

Basi juzi Zuhura kaja na kitabu cha picha. Wanakwenda Ufaransa, yeye na Rehema na wenzake watatu wa kazini, siku kumi juu ya baiskeli. Akanifunulia. Njia nyembamba, safi, huku mfereji wa maji umetulia, kule miti imepangwa mstari, mbele mashamba ya zabibu mpaka macho yanachoka. Anasema nyingine ilikuwa reli ya zamani, wakaing'oa wakaweka lami, sasa ni baiskeli tu. Nikaangalia. Nikageuza kurasa. Nikavaa miwani, nikageuza tena.

"Mbona humu hamna mtu?"

"Ndiyo raha yake, Bibi! Hamna gari, hamna lori, hamna kelele. Maili na maili."

"Na Rehema na kifua chake?"

"Rehema atakuja nyuma taratibu. Wenzangu wanasema tukimngoja yeye safari haiendi. Njia ni moja, hawezi kupotea. Atatukuta jioni hotelini. Rilaksi, Bibi."

"Rilaksi mwenyewe!"

Mwanangu, nilikifunga kile kitabu mpaka chai ikaruka kikombeni. Nikamwambia kaa chini, leo huendi popote. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nimeshalia vya kutosha. Nikamtolea jambo ambalo hata mama yake nilikuwa sijamwambia lote.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, tunakaa kambini kwenye shamba la mkonge, karibu na Korogwe. Baba alikuwa mkata mkonge. Na barabara za shambani mle, mwanangu, zilinyooka kama uzi, tambarare, gari halipiti, labda la bwana shamba mara moja kwa siku. Hao wa Ufaransa wasinitambie. Mimi njia zisizo na gari nimezijua kabla mama yake Zuhura hajazaliwa.

Jumapili moja kulikuwa na harusi shamba la jirani. Rafiki yangu ndiye anaolewa. Baba na baba mdogo wamelala usingizi wa mchana, baiskeli zao zimeegemea ukuta. Nikazichukua zote mbili, moja yangu, moja ya mdogo wangu Mwanajuma. Mwanajuma miaka kumi na mmoja, baiskeli imemzidi. Juu ya kiti hafiki, basi anapitisha mguu katikati ya fremu, anakwenda ubavu ubavu kama kaa. Ukimwona ungecheka. Nami nilicheka! Tena nilicheka sana.

Mwanzo nilimngoja. Nikamngoja tena. Huku ngoma naisikia kwa mbali inaniita, na kanga mpya nimevaa, na kuna kijana mmoja nilitaka anione nikiingia. Nikamgeukia nikamwambia, "Wewe kobe, njia ni hii hii moja, haina gari la kukugonga. Utanikuta huko." Nikakanyaga pedali. Akaita, "Dada, ningoje!" Nilisikia. Nisikudanganye, nilisikia.

Nikafika, nikacheza, yule kijana akaniona, hata jina lake leo silikumbuki. Wakapakua pilau, Mwanajuma hayupo. Nikasema moyoni, huyo kachoka, karudi nyumbani. Unaona shetani anavyokupa jibu tamu? Jua likaanza kuinama ndipo nikaanza kumtafuta. Nikampata Mzee Kibwana, nyapara wa wakata mkonge, alikuwa mgeni pale harusini na baiskeli yake. Akaniuliza neno moja tu, "Umemwacha wapi?" Tukarudi.

Tulimkuta kakaa chini kando ya njia, baiskeli imemlalia miguuni. Gurudumu liliingia kwenye mchanga, akaangukia mistari ya mkonge. Na jani la mkonge, kama hujaliona, ncha yake ina mwiba mweusi, mgumu kama msumari. Uliingia jichoni. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jumapili hakuna mkataji shambani, hakuna toroli, hakuna gari, hakuna wa kupita. Alikaa pale peke yake tangu adhuhuri, kafunga jicho kwa upande wa kanga yake. Aliponisikia akasema, "Dada, nilijua utarudi."

Jicho halikupona.

Mzee Kibwana alimpakia mbele kwenye fremu ya baiskeli yake, akamkimbiza zahanati. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Kesho yake akaja nyumbani, akanisimamisha mbele ya baba akasema, "Binti, umewahi kutuona asubuhi tunavyokwenda kukata? Tunakwenda mstari mmoja. Nani anatangulia?"

Nikasema sijui.

"Anatangulia mzito. Mgonjwa, mzee, mwenye baiskeli mbovu, huyo ndiye mbele, na sisi wenye nguvu tunamfuata kwa mwendo wake. Mwenye mapafu mazima kuliko wote anafunga mstari. Akianguka wa mbele, tunamwona wote. Akianguka wa mwisho, nyuma yake kuna nani? Barabara kuu mtu akianguka, hata adui atasimamisha gari. Njia isiyo na gari, gari ni mwenzako. Wewe ulikuwa ndiyo gari la mdogo wako, nawe ulikwenda kucheza ngoma."

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi majuto yangu yamewazidi umri wajukuu zangu wote.

Nikamaliza. Zuhura anachezea ukingo wa kitabu. Halafu, kwa ukaidi wake, akasema, "Pole, Bibi. Lakini hapa si shamba la mkonge. Kwani Rehema si tunakwenda naye kila wikiendi, mimi na wenzangu? Amepatwa na nini?"

Na Rehema alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo akajibu kwa Kiswahili, vipande vipande.

"Jumamosi. Tairi ilipasuka. Mliondoka. Nikatembea na baiskeli, kifua kikafunga. Nilivuta dawa mara nne. Nikakaa kwenye majani. Hakupita mtu, Zuhura. Muda mrefu."

"Si ulisema ulisimama kununua aiskrimu!"

"Ningesema nini? Mngesema nisije tena."

Mwanangu, hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka utosini. Siyo kwa Zuhura peke yake. Kwa hao wenzake wa kazini, wanaopima watu kwa miguu. Kwa hicho kitabu kinachouza njia tupu kama vile utupu ni sukari. Kwa huyu mdogo naye, anayeficha pumzi yake ikikata ili asiachwe. Na kwangu mimi, kwa sababu Jumamosi ile nilikuwa dirishani, nilimwona Zuhura akirudi peke yake, akafungua friji akala, nami nikamtania kuhusu babu mwenye meno. Sikuuliza mwenzio yuko wapi. Mimi! Mimi wa kutouliza!

Nilipiga meza, nikawagombeza wote wawili kwa Kiswahili na kwa Kisambaa, na mama yao aliporudi kutoka kazini nikamgombeza naye, hajui hata kosa lake.

Basi nawe sikia, hata kama si mjukuu wangu. Sikukatazi kutembea dunia. Nenda Ufaransa, nenda kokote, kapande baiskeli kando ya maji, Mungu kakupa magoti, yatumie. Lakini ukiona njia imetulia sana, jua hiyo inakutaka wewe uwe mtu. Mweke mzito mbele. Mwenye nguvu afunge mstari. Mdogo wako akiita, simama, hata kama mbele kuna ngoma na kijana wa kukuona. Na wewe mwenye pumzi fupi, sema! Kuchelewesha wenzio si aibu. Aibu ni yao wakikukimbia. Wala usiniambie njia ni moja hawezi kupotea. Mwanajuma hakupotea. Alikuwa pale pale.

Mungu akupe miguu mizima na macho mawili mpaka uzee, na akunyime marafiki wa kukuacha. Kila unapokaa chini kwa uchovu, awepo mtu nyuma yako wa kuuliza vipi. Amina.

Zuhura aliinuka. Kisha akaenda jikoni akapiga simu kwa mmoja wa wale wenzake, akaongea Kiingereza cha haraka, sikukielewa, ila jina la Rehema nililisikia mara nyingi. Akarudi, macho mekundu, akapiga magoti mbele yangu kama tulivyomfundisha tangu mdogo.

"Bibi, wamesema wao hawawezi kwenda kwa mwendo huo. Nimewaambia watangulie wao. Mimi nitafika pale Rehema atakapofika, hata ikiwa ni kijiji cha kwanza tu."