Mbwa Aliyeukataa Mpira

Kituo chetu cha mbwa wa kunusa kilikuwa na vizimba tisa, na juu ya kila kizimba palikuwa na kibao chenye jina la mbwa na tarehe aliyofika. Mtunza mbwa tulimwita Taratibu. Hakukimbia wala hakupaza sauti, na kila alipofunga komeo alilivuta mara tatu kabla ya kuliamini. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ilikuwa ya mbwa. Mimi nilikuwa karani wa kituo, ndiyo maana tarehe zake ninazo.

Mbwa wa kunusa hafanyi kazi kwa ajili ya nyama. Anafanya kwa ajili ya mchezo. Akigundua kilichofichwa kwenye mzigo, anarushiwa mpira, basi amelipwa. Kwa hiyo asiyecheza hafundishiki, na kanuni yetu ilimpa asiyefundishika majuma sita. Yakipita, jina lake linaingia kwenye orodha ya Ijumaa, pamoja na ya mbwa wazee na wagonjwa wasioweza kazi tena, ambao ndio waliokuwa wengi. Siku hiyo daktari wa wanyama alikuja na pikipiki, akaingia na mkoba wake katika chumba cha mwisho chenye mlango wa kijani. Mbwa wa orodha aliingia mle kwa miguu yake, akatoka ndani ya gunia.

Mjane alifika tarehe tatu, mwezi wa pili. Alikuwa jike la rangi ya majivu, lenye pua nzuri kuliko zote nilizowahi kuziandika. Kizimba kilichokuwa wazi kilikuwa cha tisa, kinachotazamana na mlango wa kijani, basi akawekwa humo. Juma la kwanza alikimbilia mpira kama wenzake. Juma la pili aliacha. Jina la Mjane alipewa na mlinzi wa getini, kwa sababu tangu hapo hakuonyesha furaha tena.

Taratibu alijaribu kila alichojua. Aliuviringisha mpira taratibu kando ya ukuta. Aliupaka mchuzi wa maini. Alileta kamba yenye mafundo, akaleta na kidude cha plastiki kinacholia kikibanwa. Alicheza na mbwa mwingine mbele yake ili amtie wivu. Siku moja nilimkuta amepiga magoti kwenye saruji, mtu mzima na mvi zake, mpira ameung'ata yeye mwenyewe.

"Mpe pole ya msiba kwanza, ndugu yangu!" mlinzi alimpigia kelele. "Unamvamia tu na mipira!"

Taratibu alicheka, lakini mbwa hakugeuka. Jambo moja nililiandika pembeni ya daftari, bila kujua nalifanyia nini: mbwa wengine walimtazama Taratibu usoni anapokaribia. Mjane alimtazama mikono. Ikiwa mitupu, alimsogelea na kumlamba. Ikiwa na mpira, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaanza kutetemeka, na mara mbili alijikojolea.

Juma la sita liliingia. Mkuu wa kituo alipita na kalamu yake, akasimama mbele ya kizimba cha tisa.

"Huyu Ijumaa nampima mwenyewe," alisema. "Asipokimbilia mpira, jina naliandika hapohapo. Daktari atakuwa ameshafika."

"Sawa, Mkuu," alisema Taratibu. Usiku ule, mkewe aliniambia baadaye, hakugusa chakula.

Jumanne jioni nilikwenda kwao kuchukua suruali yangu. Mkewe ni fundi cherehani, na meza yake ilikuwa imejaa vipande vya vitambaa. Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi akiugeuzageuza mpira mkononi.

"Shemeji, nisaidie," mama yule aliniambia. "Tangu tuoane huyu bwana hajanirushia hata njugu. Leo analilia mbwa asiyetaka mpira!"

"Mama watoto, acha utani. Ijumaa anakufa."

Mkasi ukasimama. "Haya, niambie. Hao wengine wa Ijumaa, wanaingiaje mle ndani? Unawaburuta?"

"Niwaburute, mimi? Namtoa mbwa nusu saa kabla. Nacheza naye uani mpira mpaka afurahi, asahau. Kisha tunaingia pamoja, mpira wake mdomoni. Sitaki hata mmoja aende na hofu."

"Uani. Mbele ya kizimba cha huyo Mjane?"

"Uani ndiyo hapo hapo."

"Na wakiingia na mpira, hawatoki."

Nilihesabu kichwani: katika majuma yale, Mjane alikuwa ameona mbwa wanne wakichezewa na mkono uleule, na magunia manne yakitoka. Taratibu aliuweka mpira sakafuni polepole, kama mtu anayeweka kitu cha moto.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nilidhani ni huruma."

Mkewe hakumlaumu. Alikusanya vipande vya kitambaa, akavisuka mkia mnene, akamtupia mapajani. "Jaribu hiki. Hakijawahi kuua mtu."

Jumatano Taratibu alimpeleka Mjane nyuma ya ghala, pasipoonekana mlango ule. Alikaa chini akampa kisogo, akauburuza mkia wa kitambaa kwenye majani kama hana habari. Ilipita saa nzima. Kisha nikaona Mjane ananyoosha shingo, ananusa, anang'ata ncha. Alhamisi alikuwa akivuta na kunguruma na kuukimbilia kila unaporushwa.

Ijumaa daktari alifika saa tatu. Pikipiki iliposikika, vizimba vyote vikanyamaza, kama ilivyokuwa kawaida. Mkuu alisimama uani. Taratibu akarusha kitambaa, na Mjane akaruka juu yake hapohapo, mbele ya mlango wa kijani.

"Vizuri," alisema Mkuu. "Sasa mpira."

"Mkuu, huyu na mpira..."

"Huko kwenye mizigo kila mwongozaji ana mpira mfukoni. Nani atatembea na matambara ya mkeo?" Alimtazama mbwa kwa muda mrefu. "Nakupa juma moja, kwa ajili ya hiyo pua. Mpira, au orodha."

Juma lile Taratibu alilala na mpira mpya ndani ya shati lake. Aliusukia katikati ya kitambaa, kisha kila siku akafumua kipande kimoja. Jumatatu ulionekana kidogo. Jumatano ulibaki mtupu, na Mjane akaudaka hewani. Mlinzi alipiga makofi. Mimi nilimpongeza Taratibu, naye akatikisa kichwa.

"Alikuwa anajua, karani. Mimi nimemfanya asijue."

Ijumaa Mjane alifaulu mbele ya Mkuu. Siku hiyo orodha ilikuwa na jina moja, mbwa mzee wa kizimba cha tatu, ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa imekufa. Taratibu alikuwa ameapa kwamba hakuna mbwa wa orodha atakayechezewa mpira tena kabla ya sindano. Alimtoa mikono mitupu. Mbwa yule mzee, aliyekuwa ameona wenzake wengi wakichezewa pale, alijikokota mpaka katikati ya ua, akakaa, akamtazama mikono. Alisubiri.

"Twende, mzee wangu," alisema Taratibu. Hakwenda. Ikabidi ambebe kifuani, na mbwa akalia njia nzima, sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa mkubwa.

Katika kizimba cha tisa, Mjane alikuwa na mpira wake mdomoni. Walipopita mbele yake kuelekea mlango wa kijani, alisimama akaegemea nyavu na kutikisa mkia, akitaka na yeye atolewe.