Krispi Isiyokaangwa

"Mama, tafadhali, jiko usiguse." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kila asubuhi, mwaka ule nilioingia Blaine, ng'ambo kwa Wazungu, kwa binti yangu. Si shikamoo, si umeamkaje. Anasimama mlangoni na nguo zake za unesi, ufunguo wa gari mkononi, ananiambia kwa sauti ya puani, polepole, kama anamwambia mgonjwa asijikune kidonda. "Mama, chakula kiko kwenye friji. Kitie kwenye maikrowevu, bonyeza mbili, bonyeza sta-a-ti. Umeelewa, Mama?"

Nimeelewa, mwanangu. Kuzaa nilielewa, sembuse kubonyeza mbili.

Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilichoma samaki. Samaki akatoa moshi, kama samaki wote wa Mungu, na kile kidude cha darini cha kunusa moshi kikapiga yowe. Miye nikadhani ni simu, nikaitafuta nyumba nzima. Kuja kushtuka, gari jekundu liko mlangoni na wanaume watatu wamevaa kofia za chuma. Mmoja akapiga goti mbele yangu, "Mem, ar yu okee?" Nikaona huyu kijana ana adabu. Nikamkatia kipande cha samaki, nikamwambia karibu. Ndipo binti yangu akaingia, ameitwa kutoka kazini, rangi imemtoka usoni. Tangu siku hiyo jiko likawa haramu kwangu.

Sasa nisikilize. Miye shule niliipita kwa nje, nikienda sokoni. Lakini Tanga, uliza barabara ya kumi na mbili, uliza ya ishirini, nani alikuwa anakaanga krispi za mihogo nyembamba mpaka unamwona mtu upande wa pili. Nilikaanga miaka na miaka. Leo nimekalishwa kwenye kochi, naletewa wali uliozungushwa kwenye kisanduku, huku moto kule baridi. Sikutaka nguo, sikutaka kutembezwa madukani. Nilitaka jiko langu. Mwanamke asiye na jiko ni mgeni, na mgeni siku ya tatu, mnajua wenyewe wanavyosema.

Basi majani yakaanza kugeuka rangi. Nyumba ya pili anakaa bibi wa Kizungu, rika langu, na huku hakuna ua wala ukuta. Nyasi zako zinapokwisha ndipo zinapoanza za jirani. Kiangazi chote tulikuwa tunapungiana mikono. Siku hiyo akaja na mfuko umejaa maepo. Sisemi matufaha, maana kwetu tufaha ni lile laini la majimaji. Haya ni maepo, magumu, ukiliuma linalia.

Bibi yule akazungumza, akazungumza. Sauti yake inapanda inashuka kama anabembeleza mtoto. "Ooooh, yaaaa. Ooh, fo shuaaa." Miye nikashika maneno mawili: epo, na krispi. Akaninyooshea kidole, akanyooshea gereji yake, akanionyesha Jumamosi kwenye karatasi yenye picha ya boga. Nikamjibu, "Yes." Kiingereza changu kilikuwa hicho. Yes nilijifunza mapema, no bado.

Binti yangu aliposoma ile karatasi akakaa kitini na viatu vyake vya kazini.

"Mama, umekubali nini wewe?"

"Krispi."

"Umekubali kupeleka epo krispi. Mtaa mzima unakuja, Mama. Kila nyumba italeta kitu chake."

"Sasa kinachokutoa jasho nini?"

"Basi, nitanunua moja nikitoka shifti."

Nikasimama. "Krispi zinunuliwe na miye nipo hai? Wewe umesomeshwa na nini?"

Akavua kiatu kimoja, cha pili akakisahau mguuni. Anajua alisomeshwa na nini. Baadaye akaniuliza, "Lakini hii ya maepo unaijua?" Nikamwambia krispi ni krispi, nipe kisu na unitolee macho yako jikoni. Yeye alidhani bibi kanieleza. Miye nilidhani hakuna cha kuelezwa.

Akanitazama sana, kisha akasema, na safari hii sauti ya unesi hakuitoa. "Haya, Mama. Ukipika na watu wakala, jiko ni lako, sitakwambia neno tena. Lakini gari jekundu likirudi hapa, nakwambia, hata birika la chai hutaligusa."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Ijumaa asubuhi akaondoka. Nikaosha maepo nusu ya mfuko, nikayakata nyembamba kama karatasi. Mafuta nikayapasha mpaka nikitupa kipande kinacheka. Chumvi na pilipili ziko kando. Nikasema bismillahi, nikamwaga.

Epo, mwenzangu, ni tunda la unafiki. Lilianza kwa kelele kama la maana, likarukaruka, halafu likalegea. Nikalitoa, limelala kwenye sahani kama sikio la mbuzi lililonyeshewa. Nikasema mafuta hayajapata moto vizuri. Nikaongeza moto. La pili likaungua ukingoni na katikati bado bichi. La tatu likanywa mafuta yote, limevimba kama lina pesa. Nikainua macho, naona moshi unapanda taratibu kuelekea darini, kwa kile kidude.

Nilizima jiko, nikafungua madirisha, nikafungua mlango, nikavua kanga ya kichwani nikasimama juu ya kiti, napunga. Napunga huku nakisihi. "Baba, nyamaza. Baba, nakuomba, leo tu."

Mkwe wangu alikuwa amelala ghorofani, maana anafanya kazi usiku. Ni Mkenya wa Nairobi, kijana mzuri, ila mdomo wake unanichekesha. Akashuka, akanikuta mama mkwe kichwa wazi juu ya kiti. Mkwe na mama mkwe ni haya tupu. Akageuka akatazama ukuta, akazungumza na ukuta.

"Mama, uko sawa?"

"Niko salama, baba. Kalale."

"Ni kama kuna kitu inaungua, Mama."

Kitu inaungua! Digrii anazo mbili, kitu kwake "inaungua".

Nikajifunga kanga upesi, nikamwambia ageuke. Akaiona ile sahani. Mtoto wa watu kwa adabu akachukua kipande, akatafuna, akatafuna tena. Jicho moja likafumba lenyewe kwa pilipili.

"Ni… ni tamu, Mama. Hii inaitwa nini?"

"Krispi ya epo."

Alikaa chini. Sisemi aliinama, alikaa sakafuni, akacheka mpaka akasahau mimi ni mama mkwe wake. Halafu akapiga mikono kuomba radhi. "Mama, krispi ya hawa watu haikaangwi. Ile inaingia kwa oveni. Inakuanga kama… kama keki imevunjika, na matunda iko chini."

"Inapikwaje?"

"Hapo sasa sijui. Mimi najua kukula tu."

Nusu ya mfuko imekwenda. Saa nne asubuhi. Jumamosi ni kesho. Ningeweza kukaa nikasubiri binti yangu anunue, nami nirudi kwenye kochi langu mpaka kiyama. Nikafunika ile sahani kwa kitambaa, maana hata ukienda kuomba msaada huendi kwa jirani mikono mitupu, nikavaa viatu nikavuka nyasi.

Bibi akafungua mlango. Nikamfunulia. "Krispi," nikamwambia, na nikajipiga paji la uso.

Akachukua kipande, akala. Uso haukutikisika hata kidogo. Akameza, akasema, "Ooh. Wel. Thats… difrenti."

Nikafurahi. Baadaye mkwe wangu alinieleza kwamba hawa watu wakikuambia difrenti, ujue chakula kimewashinda. Lakini siku hiyo sikujua, nikaitikia, "Yes, yes, difrenti!" Basi tukacheka wote wawili, kila mtu na sababu yake. Akanishika mkono akaniingiza jikoni kwake.

Hapo hatukuhitaji lugha. Akakata maepo manene manene, akanionyesha: hivi, si hivyo. Akayatia kwenye trei na mdalasini. Akachukua shayiri ile iliyobanwa bapa wanayopikia uji, na unga, na sukari nyekundu yenye unyevu, inanukia kama guru. Anapima kila kitu kwa kikombe, kisha anapitisha kisu juu kukisawazisha, kama anapima dawa. Akakata siagi baridi vipande vipande, akaingiza vidole, akaanza kufikicha.

Nikampiga kofi mkononi. Kidogo tu! Kwa furaha. Maana kufikicha huko nakujua. Vileja hivyo! Unga wa mchele na samli, unafikicha mpaka unakuwa kama mchanga wa ufukweni, ukiubana unashika, ukiuachia unavunjika. Nimefikichia harusi ngapi? Nikamsogeza pembeni kwa nyonga, nikaingiza mikono yangu miwili. Yule bibi akatazama vidole vyangu, akaachia kikombe chake mezani. "Ooooh, yaaaa," akasema. Safari hii difrenti haikutajwa.

Jumamosi nikaamka na alfajiri. Maepo yaliyobaki nikayakata, nikayakamulia ndimu. Vikombe sikugusa. Unga nilipima kwa kiganja, siagi kwa jicho. Nikatwanga iliki ya kwenye duka la Wasomali, mbichi bado inawasha pua, nikaitia ya kutosha, maana mdalasini peke yake ni kama nyumba isiyo na mwanamke. Mkwe wangu akanizungushia kitasa cha oveni, akarudi kuutazama ukuta wake. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kile kioo kama watu wanavyokaa mbele ya mpira. Kwetu tungeweka mkaa juu na chini. Hii ilikuwa na moto wake wa siri, sikuuona, niliona tu sukari inaanza kuchemka pembeni, po, po, po, halafu juu ikaingia rangi ya dhahabu. Kidude cha darini kilikaa kimya kama mwanamume aliyeulizwa alilala wapi.

Binti yangu akarudi kutoka shifti ya usiku, aliyoiunganisha na ya Ijumaa mchana. Akasimama mlangoni, viatu hajavua, pua imeinuka.

"Iliki, Mama?"

Mpishi akiwa kazini hajibu.

Gereji ya jirani ilikuwa wazi, magari yametolewa, meza ndefu imepangwa. Kufika, naona epo krispi nne. Nne! Miye nilidhani nitakuwa peke yangu. Nikaweka yangu ya tano mwishoni, nikaketi karibu na binti yangu. Watu na makoti yao wanazunguka na sahani, wanaongea habari za baridi inayokuja kama vile hawajawahi kuiona. Wanapita kwenye za mwanzo. Yangu inaangaliwa tu. Mzee mmoja akainusa, akaita mwenzake. "Wots in dis?" Mwenzake akachukua kijiko. Halafu akachukua sahani. Halafu nikaona migongo tu.

Nilipokwenda kuangalia baadaye, nikaanza na za mwanzo. Kwenye zile trei nne za wenzangu, kila moja ina kijipande kimebaki kwenye kona. Nikamwuliza binti yangu, "Zimekosa nini hizi, mbona wameziacha?"

"Hazijakosa kitu, Mama. Huku mtu hali kipande cha mwisho. Ni aibu. Wanakikata nusu, na ile nusu wanaikata nusu, mpaka sherehe iishe."

Nikadhani ananitania. Lakini palepale jitu zima, mabega kama mlango, likaja na kisu, likakata kijipande kisichozidi ukucha, likachukua nusu, likaondoka kwa heshima. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Halafu nikatazama yangu.

Haikuwa na kijipande. Haikuwa na chembe. Na jirani yangu, yule bibi mpole wa vikombe vilivyosawazishwa, ameiinamia, kidole chake kinapita kwenye kona ya trei, kinakwangua sukari iliyoungulia, kinakwenda mdomoni. Akaniona. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kuhakikisha majirani hawajamwona. Nikamgeuzia mgongo nimsitiri, nikatandaza kanga yangu kama pazia, amalizie.

Binti yangu aliona vyote. Aliuma mdomo asicheke, kisha akacheka.

Trei tupu niliirudisha kichwani, kwa kuvuka nyasi, mikono naitupa huku na huku, Wazungu wanatazama, mkwe wangu nyuma anasema, "Mama, nikusaidie, itaanguka!" Nikamwambia kitu haianguki, baba.

Tukaingia ndani. Binti yangu akavua viatu, safari hii vyote viwili. Akafungua friji, akatazama vile visahani vyake vilivyofungwa karatasi, akaifunga. Akasimama hapo kama alivyokuwa akisimama ana miaka sita, mkono kwenye kitasa.

"Mama."

"Eeh."

"Kesho tutakula nini?"

Nilikwenda kwenye sinki, nikaosha trei yangu, nikaifuta, nikafungua kabati, nikaiweka ninapotaka mimi.

"Mtakula nitakachopika," nikamwambia.