Gunia la Mpunga Nililolipakia Bahi

Siku moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yenu asinisikie.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu binafsi walishaanza kuruhusiwa mabasi, maduka, mpaka ndege. Mimi nilikuwa na kidato cha nne cha kuchechemea, na leseni ya urubani niliyoipata kwa hisani ya wamisionari baada ya kuwaoshea ndege miaka mitatu. Leseni ninayo, kazi sina. Nilituma barua Lusaka, Harare, mpaka Gaborone. Hata ya kunikataa haikurudi. Fundi mmoja akanicheka: "Kazi ya ndege za porini haiombwi kwa stempu, bwana mdogo. Inaombwa kwa miguu." Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi nikawa nashinda uwanja wa ndege wa Dodoma, napakia mizigo, nafuta vioo, nasubiri mtu aseme, "Wewe, njoo."

Aliyesema ni Kapteni Mbaruku, mzee wa Tanga aliyekuwa na ndege mbili ndogo na maneno machache. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama mawingu.

"Maji yamekata barabara ya Bahi. Kuna binti mjamzito, siku ya pili ya uchungu. Utarusha wewe, mimi nitakaa pembeni. Tukirudi nitakwambia kama una kazi."

Jamani, ile safari! Nchi niliyochungia mbuzi kwa miguu, nikaiona imelala chini yangu kama ngozi iliyoanikwa. Vilima vya mawe vimemwagika kama kunde. Halafu Bahi ikatokea: maji, maji, maji, anga imeshuka kunywa, na kivuli cha ndege yetu kinakimbia juu yake kidogo kama inzi. Hata sasa, nikikumbuka, najisikia kuvua kofia.

Tulizunguka chini mara moja ng'ombe watoke kiwanjani, tukatua. Sasa sikiliza desturi ya marubani wa viwanja vya udongo. Ukitua baada ya mvua, unatembea kiwanja chote, unakanyaga kwa kisigino kupima tope, na katikati unachomeka fimbo yenye kitambaa. Wakati wa kuruka, ukiifikia fimbo na mwendo hautoshi, unaacha. Hakuna mjadala. Kapteni akaenda kutembea, mimi akaniachia kupima watu na mizigo kwa mizani ya zahanati.

Nikampima binti, Stella, amekunja uso kwa maumivu. Nikampima mkwewe, Mama Nyemo, aliyepanda mizani na khanga zake zote akicheka. Hesabu ikatimia barabara, haikubaki nafasi ya mzigo mwingine. Nikakunja karatasi.

Hapo ndipo wakaja wazee na akina mama. "Mbukwenyi!" wakanisalimu kwa Kigogo. Wameleta shukrani: nusu gunia la mpunga na matenga mawili ya kambale wakavu. Mwanangu, kwetu Ugogo kukataa zawadi ni kumwambia mtu nyumba yake inanuka. Na wale walikuwa wamevuka maji ya magoti kuzileta. Moyo ukaniyeyuka. Nikasema, vitu vidogo tu hivi. Nikavisukuma nyuma, bila kupima, Kapteni akiwa bado mwisho wa kiwanja.

Kapteni aliporudi tukapanda, tukaanza kukimbia kiwanjani. Injini inalia, tope linashika magurudumu, na mkia unaburuzika mzito. Kitambaa kikaja upande wa dirisha langu. Mwendo haukutosha. Mbele kuna matuta ya majaruba, nyuma Stella anaomba Mungu kwa Kigogo. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye zile mita chache zilizobaki. Nikazima nguvu, nikakanyaga breki. Tukasimama tukitazamana na mpunga.

Kapteni akauliza taratibu, "Nini?"

Ningeweza kusema tope. Tope lilikuwepo, kila mtu analiona. Ulimi ulishaliandaa hilo neno.

"Nimepakia vitu bila kupima," nikasema. "Nimeona haya kuwakatalia."

Akafungua mlango, nikashuka na gunia begani mbele ya wale walionipa. Uso ulikuwa unaniwaka. Mama Nyemo akachungulia dirishani: "Kumbe lidege lote hili haliliwezi gunia? Punda wangu analishinda!" Watu wakaangua kicheko, mzee mmoja akanipokea tenga, akasema, "Mpeleke mtoto kwanza. Samaki hawana uchungu." Ndiyo yaliyonihukumu, mwanangu: watu niliowaogopa kuwaudhi hawakuudhika hata kidogo.

Tuliruka tukiwa wepesi, fimbo ikapita tukiwa tayari tunainuka. Stella alijifungua salama jioni ile Dodoma, mtoto wa kike.

Gari la hospitali lilipoondoka nikaanza kukusanya vitambaa vyangu niondoke. Kapteni akanishika bega.

"Rubani asiyekosea sijamwona. Wanaosingizia tope, nimewazika wawili. Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na uoge, unanuka kambale."

Nilirusha ndege zake miaka kumi na mmoja.

Ndiyo maana nakuambia wewe unayezunguka na vyeti vya urubani kwenye bahasha. Huruma ni kitu kizuri, mimi mwenyewe sijaiacha, lakini ipime kabla hujaipandisha. Jifunze kusema hapana kwa uso wa kheri. Mwenye nia njema atakuelewa. Na ukikosea mbele ya anayekupa mkate, sema mwenyewe, hata kama mkate utaondoka. Mficha uchi hazai. Kazi ya kushika roho za watu haimtaki hodari sana, inamtaka anayeaminika akiwa amekosea.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akufungulie mlango unaougonga, akupe macho yasiyozoea uzuri wa nchi hii, na kila utakayembeba ashuke akiwa mzima.